Aliyetumwa Chumvi

Diski niliinunua Mwembe Tayari, shilingi hamsini.
Muuzaji akaapa kwa macho yake mawili
kwamba nisipocheka nimrudishie.
Jicho zima alikuwa nalo moja. Ningejua hapo.

Nianze na ila.
Kipaza sauti kinaning'inia juu ya kitanda cha bwana harusi
kama popo aliyealikwa.
Jenereta la jirani linanguruma ndani ya kila neno la mapenzi,
mlangoni mchana, dirishani usiku,
na mpiga kinanda, huyo, hana subira:
mtu hajateleza, yeye keshamwangusha.
Halafu lango.
Lango linafunguliwa. Gari linaingia. Lango linafungwa.
Mlango wa gari. Kiatu. Kiatu cha pili.
Ningepaka wanja macho yote mawili
na mkate wa sinia ukaiva
kabla Chifu Okwudili hajafika sebuleni.

Lakini Chifu mwenyewe!
Tumbo limetangulia, kofia nyekundu imeelemea sikio,
mwenye nyumba kumi na mbili za kupangisha
anayehesabu vipande vya nyama chunguni
kwa uma na kwa sala,
akaviandika daftarini, akatia sahihi,
usiku akanyemelea jikoni kujiibia mwenyewe,
asubuhi akaita polisi.
Anapokuta kipande kimepungua hasemi kitu.
Shavu linacheza. Shavu moja tu.
Wenziwe wote wanapiga kelele
kana kwamba wao wako Likoni na sisi tuko ng'ambo;
yeye ananong'ona,
na kicheko kikanitoka bila kubisha hodi.

Mama mkwe wangu, Bi Thureya, Kiingereza hakijui.
Mimi ndiye mkalimani wake, kitako mkekani,
feni inatugawia joto zamu kwa zamu.
Bado naokota maneno ya kumweleza daftari la nyama,
yeye keshacheka.
Sijafungua kinywa.
"Huyu ni babenu mtupu!" machozi yamtiririka,
"na samli yake aliyoitia kufuli!"
Miaka tisa tangu tumzike mzee,
na habari za samli ndiyo kwanza nazisikia.
Nikaona ukalimani wangu umekwisha,
nikavuta sahani ya kachiri.

Ila kuna kofi.
Chifu ana mtumishi, kisichana cha miguu miembamba:
kofi kwa chai ya baridi, kofi kwa chai ya moto,
kofi kwa kusimama njiani,
na juu ya kila kofi mpiga kinanda anabandika tarumbeta.
La kwanza nilicheka, sitawadanganya.
La tatu nikageuka.
Mbeyu alikuwa kasimama mlangoni,
kitambaa cha vyombo begani,
anatazama kama mtu anayekagua risiti.

Mwisho wakapatana wote, wakacheza uani,
maandishi yakapanda upesi yasisomeke.
Tukaketi kuhukumu.
Bi Thureya kaipa sita juu ya kumi, nne kazikata kwa sababu ya lango.
Mwanangu Fuad kaipa kumi kamili
kwa ajili ya mbuzi aliyekula hundi.
Mimi nilikuwa na maneno yangu ya kisomo,
kwamba kisa kina viungo vingi na nyama haba,
nikayatafuna na kachiri.

"Nawe Mbeyu?"

Akapangusa mkono mkavu.
"Yule msichana," akasema.
"Alitumwa chumvi, kabla ya mbuzi.
Harusi imepita, watu wameshiba.
Hajarudi."

Fuad akacheka. Kisha akaacha.
Tukairudisha diski nyuma, ikakwama, ikakubali.
Kweli. Lango lile
linalofungukia kila gari kwa heshima zake
halikumfungukia. Kapita upenuni,
sekunde mbili, noti imekunjwa kiganjani,
na mwandishi akamsahau huko huko njiani,
na mimi nikamsahau,
mimi niliyeona hata popo.

Leo nimepita Mwembe Tayari.
Sehemu ya pili ipo, muuzaji anasema,
humo Chifu anaenda kugombea ubunge, utavunjika mbavu.
Nikamuuliza neno moja tu:
chumvi imefika?
Akanitazama kwa lile jicho zima,
akaipangusa diski kwa pindo la shati,
hakunijibu.